Jiwe Jeusi Chini ya Kibao

Vile vibao vya kahawia unavyoviona ukitoka Riyadh kwenda Taif, vinavyokuambia kwamba hapa palikuwa na kisima cha mahujaji, pale ngome ya udongo, na hapa watu walipigana, havikuota vyenyewe. Watu huvipita kwa mwendo wa mia na ishirini, husema "aa, kumbe," kisha wakaendelea na mambo yao. Hakuna anayejiuliza ni nani alichimba shimo. Basi wacha nikuambie: ni mimi. Mimi, Mnepali mmoja mpole aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na dereva wetu Mpakistani. Watu watatu, pikapu moja, na jua la kisogoni.

Mimi ndiye nilikuwa kiongozi. Usicheke. Uongozi wenyewe ulikuwa kushika simu ya kazi na kupigiwa kelele na bosi. Na kwa kuwa mimi hupandwa na hasira upesi, kelele za bosi zilikuwa zinaingia sikioni mwangu na kutokea mdomoni, zikiwaangukia hao wawili. Tuliishi Batha, mtaa wa Riyadh, chumba kimoja juu ya duka la mabegi. Kila mwanzo wa wiki tulipitia karakana kupakia nguzo, saruji, kokoto na vibao, tukaingia barabarani, tukalala kwenye vyumba vya vituo vya mafuta hadi Ijumaa itukute tena Batha.

Asubuhi ya siku ile niligombana na mtu wa stoo. Sitaki hata kukuambia tuligombania nini, maana ni aibu: glavu. Alininyima glavu mpya, nikamwambia maneno, naye akanijibu. Nikaruka ndani ya gari nikaubamiza mlango, nikamwambia dereva, "Yalla, twende!" Tulipofika kilomita zaidi ya mia tatu, jua limekaa utosini, ndipo nikafungua nyuma ya pikapu nikaona saruji ipo, nguzo zipo, kibao kipo, kokoto hakuna. Hata gunia moja. Wueh! Nilisimama pale nikajitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Kibao chenyewe kilikuwa cha uwanja wa vita. Dereva alikuwa amenisomea Kiarabu chake njiani: kwamba zamani, kabla nchi hii haijawa moja, watu wa huku walipigana hapa wao kwa wao, na wengi wakafa siku moja. Wengi walikufa, kibao kilisema. Hakikusema walizikwa wapi. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, mtoto wa mzee wa kanisa aliyehudhuria matanga kila Jumamosi ya maisha yake, sikuuliza.

Dereva aliwasha gari akaenda kituo cha mafuta kuswali adhuhuri na kutujazia maji. Tukabaki wawili na mashimo mawili tuliyokwisha kuchimba. Nguzo bila mawe ya kuikaza inalala hata kabla saruji haijashika. Nikageuka huku na huku, na nikaona mawe. Yalikuwa yamelala kwa mistari kwenye uwanda ule, mawili mawili, moja hapa na lenzake hatua mbili mbele, yamezama nusu mchangani. Hayajachongwa, hayana maandishi, hayana lolote.

Lazima uelewe kitu kimoja. Kwetu Bonde la Ufa kaburi unalijua ukiwa mbali. Lina saruji, lina vigae, lina msalaba, lina picha ya marehemu amevaa suti aliyoazima. Hata maskini kabisa hupandiwa maua. Yale niliyoyaona yalikuwa mawe tu. Mnepali, ambaye kwao maiti huchomwa moto, hakuwa na la kunifundisha. Lakini nakumbuka alinyoosha kidole akaufuata mstari ule hewani polepole, kisha akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza. Nikamwambia, "Yalla! Saruji inakauka!" Akainama akabeba.

Tulitoa kama ishirini hivi. Moja nililibeba mwenyewe kwa sababu lilinipendeza. Mengine yote yalikuwa na rangi ya udongo wa pale, lakini hili lilikuwa jeusi tii, bapa upande mmoja, na mshipa mweupe ukilikata katikati. Nikalishindilia ubavuni mwa nguzo ya kushoto, juu juu, likakaa sawasawa, kabari isingekaa vizuri zaidi. Nilifurahi. Haki ya Mungu nilifurahi, nikasema moyoni, ona, hata bila kokoto za mtu yule wa stoo.

Dereva aliporudi alishuka na chupa za maji mikononi akasimama. "Mawe mmetoa wapi?"

"Pale," nikasema.

Akaenda pale. Akazunguka kidogo. Kisha akachuchumaa akaziweka chupa chini na kujishika kichwa. "Haya ni makaburi," akasema. "Hawa watu hawaandiki kitu juu ya kaburi. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, halas."

Saruji ilikuwa imeanza kushika. Simu ikalia, bosi huyo, anataka picha, anataka kibao cha pili kisimame kabla ya alasiri. Mnepali alikuwa ananitazama, dereva alikuwa ananitazama. Kiongozi, si ndiyo? Nikawaambia kwa ukali, kama vile wao ndio waliokosa, kwamba tumeshafanya, kwamba tukifungua mdomo tutarudishwa makwetu sote watatu, na hiyo ni kama hatutapitia jela kwanza. Nikachukua koleo nikafukia mawe kwa mchanga mpaka pakaonekana safi. Nikapiga picha. Bosi akajibu kwa alama ya dole gumba.

Dereva hakunisemesha wiki nzima. Nami nilijifanya nimekasirika kuliko yeye.

Mkataba ulipokwisha nilipanda basi pale Batha nikaenda Jeddah kwa kafili mwingine, maana huku lazima uwe na mdhamini. Safari hii kafili alikuwa mwanamke, mwalimu mjane aliyeishi na baba yake, na kazi yangu ilikuwa kumwendesha huyo baba: hospitali, msikitini, kwa marafiki zake wa kahawa. Binti nilimwita madam. Mzee nilimwita baba. Naye aliniita Kenya. "Kenya, yalla!" "Kenya, umepita njia ya wapumbavu!" Jina langu liko kwenye ikama, kibali changu cha kuishi, aliyoishika kwa mkono wake, lakini mwaka wote wa kwanza hakulitamka hata siku moja.

Tulipendana, ukitaka ukweli. Alikuwa na hasira za karibu kama zangu. Tulibishana kuhusu njia, kuhusu kipoza hewa cha gari, kuhusu kama chai ya Kenya ni chai au ni maziwa yaliyopotea njia. Kiarabu changu ni kile cha kazini, cha mafi na halas, hakuna na basi, lakini mtu akitaka kugombana na wewe kila siku lugha hupatikana. Jicho lake moja lilikuwa limekufa zamani. La pili daktari alishasema linakwenda pia, na hakuna dawa ya kulirudisha. Mzee alimjibu daktari kwamba ataliweka akiba.

Siku moja mchana madam alikuwa akichezea simu baada ya chakula, mimi niko mlangoni nasubiri funguo. Akapiga kelele ya furaha. "Baba! Wamepawekea kibao!"

Alimsogezea simu karibu kabisa na lile jicho. Sikuhitaji kusogea nione. Nilikijua kibao kile, nguzo zake mbili, hata kile kikwaruzo cha kona ya chini tulichokifanya tukikishusha garini. Mzee alishika simu kwa mikono miwili.

Hadithi yenyewe alinisimulia kwenye gari siku hiyohiyo, tukimsubiri madam nje ya duka la dawa. Babu yake alipigana katika vita vile. Ndugu wa babu, wa baba mmoja na mama mmoja, alipigana upande wa pili. Hawakuwa wamechukiana, kila mmoja alikuwa amemfuata mkubwa aliyekula naye kiapo. Upande wa babu ukashindwa. Vita vilipopoa, yule ndugu aliyeshinda alirudi uwanjani akawa anageuza maiti moja baada ya nyingine hadi akampata nduguye, akamzika kwa mikono yake. Lakini jiwe la kichwani hakuliokota pale. Alisafiri mpaka nchi ya mawe meusi, akalileta juu ya ngamia, ili lisifanane na mengine, ili watoto wa marehemu walitambue.

"Hakuomba msamaha," mzee alisema. "Hakuwa na mdomo wa kuomba. Alileta jiwe."

Nikamuuliza, ingawa nilishajua, "Jiwe la namna gani, baba?"

"Jeusi. Lina mshipa mweupe katikati."

Alikuwa amepelekwa pale na baba yake mara moja tu, akiwa na miaka saba, kwenye lori, kabla ya barabara ya lami. Akaligusa. Baadaye barabara mpya ikachorwa kwingine, baba yake akafa, na yeye alipokwenda kutafuta uwanda ule akiwa kijana, mara mbili, hakuupata. "Sikuhesabu hatua, sikutazama vilima," aliniambia. "Nilikuwa mtoto. Nililitegemea jiwe. Sasa wamepawekea kibao, hata kipofu atapaona. Utanipeleka, Kenya. Nataka nilione jiwe la babu yangu macho yakiwa bado yananitii."

Ningeweza kusema pale pale. Gari lilikuwa limesimama, tulikuwa wawili tu. Nilisema nini? Nilisema tairi za nyuma zimekwisha.

Wiki iliyofuata nikasema ni joto, tungoje lipungue. Wiki ya tatu nikasikia sauti kwenye gia ambayo hakuna fundi aliyeisikia. Mzee alinitukana vizuri sana, na kila tusi nililipokea nikaona ni haki yangu. Mwishowe madam akaniambia kwa upole, "Jicho linakwenda. Alhamisi mwende." Basi.

Tulitoka Jeddah asubuhi. Mbele ya Makka kuna kibao kinachowaelekeza wasio Waislamu washike njia ya pembeni, nami niliishika kama kawaida, mzee akinung'unika kwamba namzungusha. Kibao kile nilikitii bila neno. Nilikuwa nafikiri jinsi ninavyojua kutii vibao.

Tulipofika alishuka kabla sijazima gari. Alisimama chini ya kibao, ameinua uso, akasoma neno moja moja. "Hakuna hata jina moja," akasema, si kwa kulalamika. Kisha akaanza kutafuta.

Alitafuta kwa fimbo, halafu kwa mikono. Mbali kidogo na kibao mistari ya mawe ilikuwa bado ipo, na aliipita yote, akiinama kwenye kila jiwe, akilifuta vumbi na kulisogelea kwa lile jicho. Udongo, udongo, udongo. Lakini upande wa kibao palikuwa patupu, na hata yeye alipaona. "Hapa yalikuwepo," alisema. "Kwa nini hapa hakuna?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na nguzo ya kushoto. Upepo ulikuwa umekula mchanga niliofukia. Pale chini, kwenye ukingo wa saruji, kona ya jiwe jeusi ilikuwa imechungulia, na kipande cha mshipa mweupe urefu wa kidole. Mzee alikuwa hatua kumi na tano kutoka pale, amenipa mgongo.

Nikausukuma mchanga kwa kiatu. Nikaukanyaga ukakaa.

Hilo ndilo ninaloliota. Kule kuchukua mawe nilikuwa mjinga, na ujinga una afueni yake. Lakini kiatu kile nilikisogeza nikijua.

"Labda mafuriko, baba," nikasema. "Mvua za huku zikija huzoa kila kitu."

Alifikiri. Akaitikia kwa kichwa polepole. Alikuja akaketi kwenye kivuli cha kibao, maana hapakuwa na kivuli kingine, akaegemea nguzo ya kushoto. Kiganja chake kilikuwa kimekaa mchangani, vidole vinne juu ya jiwe alilokuwa akilitafuta. Akaanza kusema na babu yake. Sikuelewa yote. Nilielewa alipomwambia, "Nimechelewa. Unisamehe, nimechelewa."

Njiani kurudi aliniuliza, "Kwenu mlishapigana wenyewe kwa wenyewe?"

"Tulipigana, baba. Majirani. Nilikuwa darasa la sita."

"Mmepawekea kibao?"

"Hapana."

"Basi mnapajuaje?"

"Tunapajua tu," nikasema. "Tukifika pale tunapita haraka."

Baada ya safari ile mzee alibadilika. Aliacha kugombana. Nikipita njia mbaya ananyamaza. Siku moja aliniambia "tafadhali" nipunguze redio, na hapo ndipo nilijua mambo yameharibika. Kila mgeni aliyekuja alimsimulia kosa lake: kwamba alikaa Jeddah miaka yote hiyo akiuza vitambaa, akila na kulala, na mvua ikaja ikamzoa babu yake kwa sababu mjukuu alikuwa mvivu. "Ningekwenda mwaka mmoja kabla," alikuwa akisema. "Mwaka mmoja tu." Madam alijaribu kumtuliza. Mimi nilibeba trei ya kahawa nikatoka.

Nilijipa sababu, na zilikuwa sababu nzuri. Nina watoto wawili shuleni. Kuchezea makaburi hapa si mzaha. Nikajiambia pia kwamba mzee ataumia zaidi akijua, kwamba mafuriko ni kazi ya Mungu na mtu huikubali kazi ya Mungu. Nilijiambia hayo kila siku kwa karibu miezi miwili, na kila siku yalikuwa yanahitaji sauti kubwa zaidi.

Yalinitoka kwenye taa nyekundu. Tulikuwa tunatoka kliniki ya macho, saa tano asubuhi, magari yamejaa, na mzee kiti cha nyuma akaanza tena: amechelewa, amechelewa, mtoto gani yeye. Nikapandwa. Nasikia haya kukuambia kwamba sikumwambia kwa machozi wala kwa unyenyekevu. Nilimfokea. "Hukuchelewa! Acha kusema hivyo! Ni mimi! Mimi nilisimamisha kibao kile. Jiwe lako nimelitia kwenye saruji!"

Taa ikawa kijani. Watu wakapiga honi. Tulipovuka mzee akasema, "Simama."

Alishuka akaanza kutembea. Joto la Jeddah unalijua au umesikia habari zake, mtu anavaa hewa yenyewe kama shuka lililolowa. Alitembea kwenye ukingo wa barabara akipapasa kwa fimbo, kanzu nyeupe, mgongo wima. Nami nikamfuata kwa gari polepole, taa za dharura zinawaka, dirisha liko wazi, nikimsihi, "Baba, ingia. Baba, utaanguka. Nishtaki polisi ukitaka, lakini ingia." Magari yalitupita yakitutukana. Hakugeuza hata shingo. Tulikwenda hivyo mbele ya duka la fanicha, duka la simu, mgahawa wa Wayemeni, benki. Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi akasimama. Akarudi mpaka dirishani, jasho likimtiririka ndevuni.

"Liko ndani ya saruji?"

"Ndiyo, baba."

"Zima?"

"Zima."

"Haijalivunja?"

"Hapana. Nililiweka vizuri." Nilipoyasikia maneno hayo nikataka kujing'ata ulimi.

Alinitazama kwa lile jicho moja. Akanyoosha fimbo kuelekea duka. "Nyundo," akasema. "Na patasi. Nunua mbili, moja itavunjika."

Madam tulimwambia tunakwenda kumwona jamaa Taif, na kweli tulilala kwa jamaa Taif, mzee akala chakula chake bila kunitazama. Asubuhi tukaendelea. Mimi niliongea njia nzima, nikamweleza yote, glavu, mtu wa stoo, Mnepali na kidole chake, dereva aliyejishika kichwa, hata kiatu. Hasa kiatu. Alisikiliza. Nilipomaliza alisema, "Endesha."

Nilipiga magoti chini ya kibao changu mwenyewe nikagonga. Saruji yetu ilikuwa nzuri kwa bahati mbaya. Nilianzia ukingoni, kidogo kidogo, nisiitingishe nguzo, vumbi likiniingia kooni. Mzee alisimama akinitilia kivuli kwa mwili wake. Sijui kama alifanya makusudi. Patasi ya kwanza ilivunjika kweli. Ilituchukua saa mbili na zaidi, na jiwe likatoka zima, na utando mmoja tu mweupe wa saruji ubavuni. Ndani ya shimo niliona mawe mengine yamenikodolea macho, ya rangi ya udongo, kumi na kitu, babu za watu wengine ambao hawajaja kuuliza. Nikarudisha vipande na mchanga juu yao.

Mzee alilipokea jiwe kwa mikono miwili akaliweka kifuani. Alivua kitambaa chake cha kichwani akalifuta, akapitisha dole gumba kwenye ule mshipa, juu mpaka chini, chini mpaka juu. Alilia bila sauti. Na mimi nililia, kwa sauti, nikafikiri yamekwisha. Nilikuwa nimeona saruji tu ndiyo kazi ngumu.

Akainua uso. "Haya, Kenya. Ulilitoa wapi?"

Nikageuka kutazama.

Palikuwa patupu. Mashimo tulimong'oa mawe yalikuwa yamejaa mchanga labda siku ileile, na baada yake zimepita pepo za miaka miwili. Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka joto. Nilikumbuka kila neno alilonijibu mtu wa stoo. Nilikumbuka uzito wa jiwe mikononi, ubapa wake, furaha yangu lilipoingia sawasawa ubavuni mwa nguzo. Mahali nilipolitoa sikupakumbuka. Sikupakumbuka kwa sababu sikupatazama. Nilitazama jiwe. Ndugu yule alilileta kwa ngamia ili lionyeshe mahali, na mimi nilichukua jiwe nikaacha mahali, na hakuna mtu mwingine duniani wa kumuuliza.

Mzee alikuwa ananisubiri, amelikumbatia. Jicho lake lilikuwa linatoa maji kwa jua na kwa vumbi. Halikuwa na miezi mingi. Jinsi ya kusema kweli nilikuwa nimeshajifunza, kwenye taa nyekundu. Maneno yalikuwa mawili tu: sijui, baba.

Nilitembea hatua kama kumi na mbili, bila kusita, kama mtu anayekwenda kwenye mlango wa nyumba yake. Nikanyoosha kidole chini.

"Hapa, baba."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alipiga magoti pale. Hakutaka nimsaidie. Alichimba kwa vidole, akalisimamisha jiwe, akalikandamizia mchanga pande zote, kisha akasema na babu yake kwa muda, na safari hii alikuwa anatabasamu. Aliponyoosha mkono nimwinue, aliushika wangu asiuachie. Akaniita kwa jina langu. Alilitamka vibaya kidogo, akarudia mpaka akalipata.

Sasa haoni kabisa. Tumerudi kugombana, chai, redio, njia, kila kitu. Lakini kila Ijumaa nikimshika mkono kumtoa mlangoni mwa msikiti, kabla hajaingia garini, huniuliza swali lilelile. "Yuko mahali pake, sivyo?"

"Yuko mahali pake, baba."

Hunipigapiga begani, huniita kwa jina langu, nami nikamfungia mlango tukaenda nyumbani kula.